Kibakuli cha Juu ya Kaburi

Kanisa lile dogo lilikuwa ndani ya mashamba ya mikarafuu, na waumini wake walikuwa na desturi yao: misa ya Jumapili ikimalizika, hakuna anayekwenda kula mpaka maji yote yaliyotuama yamwagwe. Miaka michache baada ya Mapinduzi wapiga dawa ya mbu waliacha kuja, homa ikarudi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wakaanza wenyewe kufukia mashimo walikochimba udongo wa kukandikia nyumba, wakapindua vifuu na makopo.

Mimi, Mwislamu wa Mji Mkongwe, nilikwenda kuwatembelea kwa kazi yangu ya afya. Wakiniita Bibi Afya, na jina hilo lilinipendeza kupita kiasi.

Jumapili moja tulifika mpaka makaburini, nyuma ya kanisa. Juu ya kaburi dogo palikuwa na kibakuli cha bati kimejaa maji. Nikainama. Viluwiluwi wa mbu walikuwa wakicheza ndani.

"Hiki mbona hakijamwagwa?" niliuliza kwa ukali.

Katekista akaninong'oneza kwamba kibakuli kilikuwa cha mtoto aliyezikwa hapo, na mama yake ndiye yule mwenye jembe. Kila maji yakipungua, huja akakijaza. Hakuna aliyethubutu kumgusia.

Nikamwendea. "Pole, dada."

"Nshapoa, Bibi Afya. Unataka nimwage?"

"Mbu wakitoka humu watawauma wale," nikasema, nikimwonyesha watoto waliokuwa wakiokota vifuu uwanjani.

"Najua. Wangu wawili wamo. Lakini huyu kafa na kiu. Aliniomba maji, nikaambiwa mtoto wa degedege hapewi maji, nami nikamnyima. Leo nimnyime tena?"

Ukali wote ukaniishia. Niliwachukia waliomwambia maneno yale, nikaona uchungu wa kumwamuru mama huyu jambo lolote. Lakini watoto walikuwa pale pale, na mmoja wao alikuwa amejifunga kanga ya mama yake kwa baridi ya homa, juani.

Nikamwambia nilichokijua tangu utotoni, si cha kazini. "Sisi kwetu tukishazika, kaburi tunalimwagia maji. Lakini hatuyaweki, dada. Tunayaacha yaingie chini."

Alikiinua kibakuli kwa mikono miwili. Kisha akamwomba katekista msumari. Akamwaga yale maji mchangani, akakipindua kibakuli, akakitoboa kitako kwa msumari na jiwe, akagonga mpaka nikaogopa atajiumiza vidole. Hakuna aliyejaribu kumsaidia.

Akakirudisha mahali pake. Akaomba kata ya maji, akamimina. Maji yakazunguka kidogo, yakashuka, udongo ukayanywa.

"Kumbe siku zote hizi nilikuwa namwekea tu," akasema. "Nilikuwa simpi."

Akamimina tena.

"Kunywa, baba."