Amri na Dakika Tatu za Marehemu Sadiki

Amri alisoma diploma ya kompyuta mihula mitatu, ada ikamshinda, akarudi Nachingwea na kompyuta yenye ufa na maarifa yaliyoishia katikati ya daftari. Namjua, tuliacha chuo wiki moja.

Alirekodi mikutano ya vijiji vya upande wa Kiegei na kuiweka kwenye tovuti yake. Mtandao kule uko juu ya kichuguu, tena kwa saa zake. Kwa hiyo seva yake ilitoa faili vipande vipande: mtandao ukikatika leo, kesho simu inaomba kuendelea ilipoishia. Watu walishusha mkutano mmoja wiki nzima, kama wanaomaliza kiporo.

Katika mkutano mmoja, Mzee Sadiki alisema mbele ya watu kwamba ng'ombe wa Wasukuma wapite pembeni mwa mikorosho yake hadi mtoni, wala wanawe wasiwazuie. Hakuna aliyeandika. Mzee akafariki, mwanawe Twalha akaziba njia kwa miiba. Shija, mfugaji aliyehamia na mifugo yake kutoka Shinyanga, akashtaki kwenye baraza la kata. Wakamwambia alete ushahidi, na waliokuwepo mkutanoni hakuna aliyetaka kusimama dhidi ya Twalha. Akapanda kichuguuni, akashusha nusu ya mkutano, bando likaisha.

Kabla hajarudi, Amri akafanya wema. Alikata dua ya ufunguzi na salamu za viongozi, dakika tatu nzima, ili wanyonge wasimalize bando kwa "itifaki imezingatiwa". Faili jipya akaliweka mahali pa la zamani, kwa jina lilelile, maana diski ilijaa.

Shija akarudi, simu yake ikaomba iendelee ilipoishia. Seva ilipaswa kuangalia kwanza: kipande ulichonacho ni cha faili hili au la zamani? Kama ni la zamani, anza upya. Haikuangalia, kwa kuwa Amri hakuifundisha. Ikahesabu kutoka mwanzo wa faili jipya, ambalo maneno yake yote yalikuwa yamesogea dakika tatu kuelekea mwanzo. Hapo vipande viwili vilipoungana, dakika tatu za mazungumzo zikamezwa.

Barazani simu ikawekwa mezani. Marehemu akasema, "Kuhusu hawa ndugu zetu wenye ng'ombe, mimi Sadiki natamka kwamba..." Papo hapo ikaingia sauti ya mama mmoja akilalamikia choo cha shule.

Watu wakacheka. Twalha hakucheka. "Imekatwa hii."

Amri akasimama na kompyuta yake. "Ni kosa la kushusha tu. Hapa ninalo zima, ahadi yote imo."

"Ngoja, fundi," Twalha akasema. "Hilo hujalikata?"

"Nimetoa dua na salamu tu."

"Dua umeitoa wewe?"

"Ndiyo."

"Na la mwanzo kabisa liko wapi?"

"Nililifuta."

Twalha akawageukia wajumbe. "Wazee wangu, mtu asiyeogopa kukata dua ataogopa maneno ya baba yangu?"

Faili la Amri halikusikilizwa. Miiba ikabaki.

Jioni ile Amri aliirekebisha seva. Mistari minne tu ya programu. Siku hizi Shija anawazungusha ng'ombe kilomita kumi na moja kufuata maji, na ndama wawili wameshamfia njiani. Juzi walikutana barabarani.

"Kaka Shija, lile tatizo nimeshalirekebisha."

"Vizuri, ndugu yangu," Shija akasema, akimchapa fahali aliyebaki nyuma. "Nitawaambia ng'ombe."