Lenta Iliyosemwa Kabla ya Kumwagwa

Bibi yangu huitikia televisheni. Naibu Waziri akisimama bungeni na kusema, "Mheshimiwa Spika," yeye husema, "Naam," kisha huendelea kusuka ukili wake wa mkeka. Kipindi cha maswali na majibu kikianza asubuhi hapokei simu wala haendi kwa jirani, na anayebisha hodi hukaribishwa kwa mkono tu, kwa ishara ya kukaa na kunyamaza. Wenzake wana tamthilia. Yeye ana Bunge.

Mimi nilirudi kukaa naye nilipomaliza chuo, nikiwa na shahada ya sayansi ya siasa na barua za maombi ya kazi ambazo hazikuwa zikijibiwa. Nilidhani nitamfundisha namna ya kusikiliza. Akisimama mbunge wa mikoa ya kusini kuuliza barabara yake itawekwa lami lini, mimi nilikuwa nasema kabla ya Waziri: "Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo." Waziri alikuwa anasema hivyohivyo, neno kwa neno, nami nacheka.

"Sasa unacheka nini?" Bibi aliniuliza siku moja.

"Hajajibu kitu, Bibi."

"Kakaribishwa huyo. Hakuandaliwa, lakini kakaribishwa. Ngoja swali la nyongeza uone kama ataletewa sahani."

Ndivyo alivyoyapima majibu yote. Kuna mbunge aliyekaribishwa mlangoni, kuna aliyeandaliwa, na kuna aliyeambiwa mwenye nyumba kasafiri.

Mwaka huo swali lilikuwa letu. Kijiji chetu kiko ndani kidogo ya barabara kuu, ukishaipita Zinga kwenda Bagamoyo mjini. Hatuna zahanati. Miaka kadhaa nyuma Bibi alisimama kwenye mkutano wa kijiji akatoa kiwanja chake alichorithi kwa baba yake, kizuri, kinachotazama njia, ili ijengwe hapo. Desturi ya nchi hii wote tunaijua: wananchi huanza, Serikali humalizia. Watu wakafyatua matofali, wakachimba msingi, wakapandisha boma. Kuta zilipofika karibu na vichwa vya madirisha nguvu ikaisha. Mbuzi wa mtaa wakahamia.

Baba mkubwa, mtoto wa kwanza wa Bibi, hakuwahi kukipenda kitendo kile. Yeye ni dalali wa viwanja Bagamoyo mjini, na kila alipokuja kutusalimia alipita kwanza kulitazama boma kama mtu anayetazama chakula chake kikiliwa na kuku. Mwaka huo alikuja na mnunuzi tayari. Alisema ardhi iliyotolewa kwa ajili ya zahanati, zahanati isipojengwa, inarudi kwa mwenyewe. Ndugu waliokaa kikao wakaona ana hoja. Bibi hakubisha. Alisema tu, "Mbunge ameshapeleka swali. Tusikilize jibu. Serikali ikisema inamalizia, kiwanja kimekwenda. Ikisema itaendelea kutafuta fedha, chukua kiwanja chako."

Nilimwambia pembeni kwamba amekwishashindwa. Jibu nililijua.

Asubuhi ya jibu Baba mkubwa alifika mapema, kanzu imenyooshwa, pikipiki ameiegesha chini ya upenu kwa sababu ya mvua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapo, usinizibie."

"Shikamoo Baba mkubwa," nikasema.

"Marahaba, msomi. Leo watasemaje hao wenzako?"

"Serikali itaendelea kutenga fedha kadiri zitakavyopatikana."

"Mwenyezi Mungu akuzidishie elimu," akasema, akajipangia mito.

Tukasikiliza maji ya mikoa ya ziwa, tukasikiliza walimu wa mikoa ya magharibi. Bibi mkono wake ulikuwa umesimama kwenye ukili, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Ndipo Spika akamwita mbunge wetu, naye akauliza ni lini Serikali itakamilisha zahanati ya kijiji chetu. Akakitaja jina. Kusikia kijiji chako kikitajwa mule ndani ni kama kumsikia mtu akiita jina lako sokoni, unageuka hata kama hukuwa na mpango.

Naibu Waziri akasimama. "Mheshimiwa Spika, Serikali inatambua na kupongeza nguvu za wananchi..."

"Naam," Bibi akasema.

Baba mkubwa alianza kutabasamu. Lakini Naibu Waziri aliendelea kusema kwamba, kwa taarifa alizonazo, boma hilo limefikia hatua ya lenta, na kwamba maboma yote ya mkoa yaliyofikia hatua hiyo yamewekwa katika mpango wa ukamilishaji wa mwaka ujao wa fedha, baada ya wataalamu wa halmashauri kufika na kujiridhisha.

Bibi alipiga kigelegele mpaka mbuzi wakaitikia. Mimi nilikuwa nimekosea jibu.

"Lenta?" Baba mkubwa akauliza. "Lenta ipi?"

Nikakumbuka kwamba hatukuwa na lenta. Lenta ni ule mkanda wa zege unaofunga kuta zote juu ya madirisha na milango. Usipokuwepo, fundi hapaui. Sisi tulikuwa tumepungukiwa kozi mbili tatu za matofali hata kuufikia.

Baba mkubwa alicheka hadi akavua kofia. "Basi mama, mimi sina haraka. Wataalamu waje wajiridhishe. Wakishaandika kwamba hakuna kitu, tutaelewana."

Tulimfuata mwenyekiti wa kijiji nyumbani kwake. Yeye ndiye aliyeulizwa habari za boma, na alitupokea kwa furaha kubwa, kwa sababu naye alikuwa ametoka kusikiliza.

"Mwenyekiti," nikamwambia, "nani aliwaambia tumefika lenta?"

Akajikuna shingo. "Afisa wa halmashauri alinipigia nikiwa shamba. Akaniuliza, Mwenyekiti, habari za huko? Nikamwambia nzuri. Habari za boma? Nzuri. Mmeshafika lenta? Nikasema tumeshafika, alhamdulillahi, ila... Hapo mtandao ukakata."

"Si ungempigia?"

"Sikuwa na salio."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake ningeanzaje, mwanangu? Mtu kashatuma ujumbe wa shukrani."

Bibi alitikisa kichwa kama aliyesikia jambo la kawaida kabisa, na lilikuwa la kawaida. Sisi watu wa huku hatuanzi na baya. Hata aliyefiwa, ukimuuliza habari, atakwambia nzuri, kisha ndipo aseme, ila tumepatwa na msiba. Kila mtu anajua kwamba habari yenyewe iko nyuma ya "ila", na anaisubiri. Afisa wa watu hakusubiri, au mtandao haukumpa nafasi, na "nzuri" yetu ikapanda ngazi mpaka bungeni ikiwa peke yake.

Njia nzima ya kurudi nililifikiria. Chuoni tuliandika kurasa nyingi juu ya majibu ya mawaziri, tukayapa majina makubwa. Hatukuandika kwamba yanafanana na salamu ya nyumbani: "Serikali inatambua" ndiyo nzuri, "hata hivyo" ndiyo ila. Sikuona kama ugunduzi huo unamsafisha mtu yeyote. Adabu ni kitu kizuri mlangoni. Ikiachiwa kugawa bajeti ya mkoa, kuna kijiji kitapata zege la kingine.

"Lazima waambiwe," nikamwambia Bibi jioni.

"Waambiwe nini?"

"Kwamba hatuna lenta. Ukinyamaza ni uongo, Bibi. Na yawezekana kuna kijiji kingine cha mkoa huu, huko Ubena, kimefika lenta kweli, kimeachwa."

"Na wewe ukisema, baba yako mkubwa anauza kiwanja."

"Najua."

Ananiita mke mwenzake tangu nilipozaliwa, kwa kuwa kwa desturi mimi ni mke wa babu, na akiniita hivyo kwa sauti ya chini ujue utani umeisha. "Mke mwenzangu, hiki kinachokukera mimi sikikatai. Aambiwe. Lakini Afisa aambiwe na Mwenyekiti mwenyewe, wewe usimrukie kichwani kwa barua."

Kwa hiyo tulimpa Mwenyekiti simu yangu, yenye salio, akapiga sisi tukiwa tumemzunguka. Aliuliza habari za kazi, za nyumbani, za watoto, za mvua. Nilimpiga kiwiko. Akafumba macho kama anayemeza dawa, akasema, "Ila lenta bado."

Afisa akasema, na sote tulimsikia: "Mwenyekiti, mimi siandiki ninachosimuliwa, naandika ninachokikuta. Mvua zikipungua nitakuja. Na vijiji vingine, hadi huko Ubena, ninaenda vilevile."

Kwa hiyo hatukuwa tumesema uongo tena, na hatukuwa tumepoteza kitu bado. Kilichobaki ni mvua. Tulikuwa na muda mpaka mvua zipungue.

Mbiu ya msaragambo, kazi ya kujitolea ya kijiji kizima, ilipigwa. Sijui kama watu walitoka kwa ajili ya zahanati. Nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Tusimtie Waziri aibu, kashasema mbele ya watu." Nilitaka kubishana naye, kwamba aibu ni ya anayesema bila kuangalia. Lakini alikuwa amebeba karai la mchanga kichwani, nami mikono mitupu. Nikatafuta karai.

Matofali ya zamani yalikuwa yamerundikwa nyuma, yameota nyasi. Tuliyafuta, fundi akazipandisha kozi zilizobaki, tukafunga mbao. Nondo zilikuwepo tangu zamani, zimelala kwenye stoo ya msikiti zikingoja. Watu wa kanisani walikuja na saruji na turubai la kufunika zege mvua ikinyesha, na mtu wao mmoja aliyeongea zaidi ya wote alikatazwa kugusa koleo kwa sababu alikuwa anamwaga maji kuliko anavyochanganya.

Siku ya kumwaga zege Baba mkubwa alikuja kutazama. Alisimama mbali na matope, funguo za pikipiki zikicheza kidoleni.

"Hongereni," akasema. "Mnamjengea mnunuzi wangu uzio."

"Karibu, mwenye kiwanja!" fundi akamjibu kutoka juu. "Sogea tukupimie urefu, tunatafuta nguzo."

"Nguzo gani, tumbo lote lile?" mama mmoja akasema. "Hilo labda litumike kama tangi."

Watu wakacheka, naye akacheka, maana tumbo lake analijua. Hapo ndipo Bibi akatokea upande wa kisima na kindoo chake kidogo, kile cha kutilia maji ya udhu, kimejaa pomoni, akitembea polepole kwenye utelezi. Hakumtazama mwanawe hata kidogo. Alipita mbele yake.

Koleo zilisimama. Mwanamume mzima hawezi kusimama na kanzu safi huku mama yake anateka maji ya zege, watu wote wakitazama. Yeye alijua, Bibi alijua, na hata mbuzi nadhani walijua.

"Mama, weka chini."

"Nina kazi."

"Mama, nakuomba."

"Una mikono wewe?"

Akamnyang'anya kindoo, akamwaga maji palipohitajika, akarudi kisimani na ndoo kubwa. Kanzu aliitundika kwenye mpini wa pikipiki. Hakusema neno jema siku hiyo. Alilalamikia mchanganyo, alilalamikia fundi, alisema nondo zimefungwa kama vifurushi vya mchicha. Lakini alibaki mpaka zege likafunikwa turubai.

Afisa alikuja mvua zilipopungua, kijana tu, buti zake safi. Lenta ilikuwa imeshikwa na mbao bado, miti imeitegemeza kila mahali kama mgonjwa mwenye magongo.

"Habari za hapa?" akauliza.

Mwenyekiti akanitazama. Nami nikamwacha.

"Nzuri," akasema. Tukasubiri. "Ila mbao bado hatujatoa."

"Nimeziona," Afisa akasema, akicheka. Akagonga zege kwa funguo, akapanda ngazi, akapima, akapiga picha. Kisha akaandika kwenye simu yake bila kutuambia alichoandika. Bibi alisimama mlangoni pasipo mlango, mikono kaikunja ndani ya kanga. Afisa akashuka. "Mama, hii inaingia kwenye mpango," akamwambia. "Msiguse mbao mpaka fundi aseme."

Bibi akasema, "Naam."

Baba mkubwa alikuwa amekuja pia, kanzu nyingine. Nilimtazama nikisubiri aondoke. Badala yake alianza kuzunguka boma, akipima ardhi kwa jicho kama anavyowapimia wateja, akafika kwenye ua wa minyaa unaotenga kiwanja na kipande kilichobaki cha familia. Akasimama hapo.

"Afisa," akaita, kwa sauti ya mtu aliyekasirika. "Gari la wagonjwa litageuzia wapi hapa?"

Afisa akatazama, akakiri pamebana.

"Sasa mnapimaje nyie? Litaingia kinyumenyume?" Akaushika mnyaa mmoja, akauvuta, akaung'oa, akautupa pembeni kwa uangalifu ili utomvu usimrukie machoni. "Huu ua urudi nyuma, uingie kwetu. Mpaka pale kwenye mkorosho. Mimi nimewauzia watu viwanja miaka yote, najua gari linageukaje."

Bibi hakumshukuru. Alimwambia anawe mikono kabla hajagusa uso.

Paa halijawekwa bado wakati naandika haya, na mimi ni mtu wa kuamini bati likishapigwa msumari. Mbunge wetu ameshapeleka swali jingine, la wauguzi na dawa. Asubuhi litakapojibiwa Baba mkubwa amesema atakuja, na mito amekwishaagiza isiguswe. Bibi ameniuliza jibu litakuwaje. Nimemwambia sijui, naye amefurahi, akanipa upande mmoja wa ukili nimshikie.