Chaza wa Pongwe na Kofia ya Marehemu

Nakumbuka Pongwe leo kwa sababu yako, Twalibu mwanangu, na sikupenda kuikumbuka nikiwa na hasira. Kaa kitako. Nimesema kaa! Shikamoo yako nimeipokea, marahaba, lakini hizo kelele sizipokei. Umeshuka basi kutoka Dar, umeingia kwa mama yako, umeiona kofia ya marehemu baba yako juu ya msumari, ukamfokea mama wa watu mpaka majirani wakatoka. Eti Ijumaa akiolewa wewe huji, wala hutaikanyaga tena nyumba ile. Umemwacha analia, kisha unakuja kwangu mimi, kaka yake na walii wake, nikuunge mkono. Lahaula! Kunywa kahawa unisikilize.

Nilikuwa kijana kama wewe, nasomea elimu ya miamba. Mwalimu wetu, Bwana Nasoro, Mwarabu wa hapahapa Tanga, mtu wa hasira za karibu, alitupeleka Pongwe kwenye machimbo ya mawe ya chokaa. Mawe yale yamelala tabaka juu ya tabaka, la kale chini, la baadaye juu yake. Ndani yake wameganda viumbe wa bahari iliyokuwapo pale kabla ya mwanadamu yeyote, na mabaki yao ndiyo visukuku. Kazi yetu ilikuwa kuonyesha kipindi kimoja cha umri wa dunia kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi.

Tukajiona wajanja. Palikuwa na chaza wa kale, mwenye gamba nene. Tukasema, atakapokoma huyu, hapo ndipo mpaka. Tukapiga mstari kwa chaki. Mwenzangu Mbwana akapanda kidogo, akakuta chaza mwingine juu ya mstari. Tukafuta, tukapiga upya. Haya, mwingine huyu hapa! Hadi adhuhuri tulikuwa tumeshikana mashati, mimi namwambia Mbwana aache kutafuta. Unacheka? Cheka tu, ndiye wewe huyo.

Bwana Nasoro akaja amekunja uso. “Mnangoja wa kale aishe? Mtangoja mpaka Kiyama! Usipomwona chaza hapa, nani kakwambia hayupo pale pembeni? Mtafuteni mgeni. Yule ambaye chini hakuwapo kabisa, pale alipotokea mara ya kwanza, ndipo kipindi kipya kimeanza. Na awe mgeni aliyeenea bahari nyingi, hata mtu wa nchi ya mbali akimkuta kwenye mawe yake aseme, naam, ndiye. Mpaka usio na mashahidi ni ugomvi tu.”

Tukatafuta, tukampata. Konokono mdogo, gamba lake limezungushwa kama kilemba. Chini hakuwapo hata mmoja, na kuanzia tabaka lile kwenda juu wamejaa tele. Na chaza wetu je? Yupo vilevile, ubavuni mwa mgeni, na juu zaidi pia yupo. Nikauliza, “Sasa huyu tumfanyeje, mwalimu?” Akanigeukia kwa ukali. “Umfanye nini? Mwache alipo!”

Sasa wewe unaniambia zama za baba yako hazijaisha, kwa kuwa kofia iko msumarini, redio yake iko mezani, na mama yako bado anamsomea dua kila Alhamisi. Unangoja viishe? Haviishi, mwanangu! Baba yako nilimpenda, nimeingia kaburini mwenyewe kumlaza. Lakini mama yako eda aliikaa yote, kisha akaongeza miaka ya upweke, nawe uko Dar unamtumia salamu. Akiugua, nani humpa maji? Halafu unathubutu kumwambia “kipya kinyemi ingawa kidonda”! Hiyo ni methali ya kumwambia mama? Wazee walisema pia mgeni njoo, mwenyeji apone. Hiyo hukuikumbuka, ee?

Na kuhusu kofia, ngoja nikwambie usichokijua. Juzi Bwana Hemedi, huyo mchumba unayemtukana hata hujamwona, alikuja pale nyumbani nami nipo. Mama yako kwa haya akakimbilia kuitoa ile kofia. Bwana Hemedi akasema, “Hiyo iache hapohapo, Bi Saumu. Mimi nitapigilia msumari wangu pembeni.” Nimesikia kwa masikio yangu haya. Mama yako akaiweka sawa juu ya msumari wake, na mimi nikajifanya naangalia nje.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Usingoje la zamani life ndipo ulikubali jipya, maana la zamani haliishi siku unayotaka wewe. Wala usidhani jipya likiingia ndio limemfukuza baba yako. Inuka, ukamwombe mama yako radhi kabla ya adhuhuri, na Ijumaa uvae kanzu, ukae nasi mkekani, watu wakuone. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yako, akupe moyo mpana, akufikishe umri huu wangu uone wapwa wanavyochosha. Amina.

Na njiani pitia dukani, ununue msumari. Huo wa Bwana Hemedi utaupigilia wewe.