Nyumba ya Nailoni ya Machuki

Mwaka wa 1967 Simeon Machuki, mkulima aliyehamia Migori kutoka Kisii, alijenga kibanda cha fito na kukifunika kwa karatasi za nailoni alizouziwa na Bashir, mwenye duka mjini. Alitaka nyanya zake ziepuke mvua ya mawe. Alikiziba pande zote, hata upenyo wa kupitisha kidole hakuacha.

Miche ilirefuka hadi watu wakaja kushangaa. Ikachanua, kisha maua yakapukutika yote. Machuki alipanda tena, yakapukutika tena. Ndipo alipomkumbuka Orpah, mjane wa kaka yake, aliyezoea kupita pale akienda mtoni na kuisifu ile mimea. Sabato moja, watu wakitoka kanisani, Machuki, mzee wa kanisa, alisema mbele yao kwamba jicho la Orpah ndilo lililounguza maua yake. Orpah aliwashika wanawe mikono, akaondoka. Tangu siku hiyo wanawake walifunika vyungu vyao alipowakaribia.

Kisha upepo wa ziwani ukaja ukararua nailoni upande mmoja. Machuki alichelewa kuishona. Alipoingia majuma kadhaa baadaye, mimea iliyochanua tena karibu na tundu ilikuwa imeshika matunda. Ile ya ndani, kwenye joto la kukata pumzi, ilikuwa mitupu. Alisimama pale jasho likimtiririka, akaelewa kwamba maua aliyachoma mwenyewe.

Alikata madirisha pande zote. Nyanya zilizaa, na sokoni kila aliyemsifu alimfanya ainamishe kichwa. Mwishowe alibeba kikapu hadi kwa Orpah. Alipewa kiti, akashindwa kukikalia.

“Nilikukosea, shemeji,” alisema.

Orpah alikitazama kikapu. “Nyanya ni nzuri, shemeji. Lakini hukunisema hapa nyumbani.”

Sabato iliyofuata Machuki alisimama mlangoni mwa kanisa akasema yote, macho yakiwa kwenye viatu vyake. Orpah aliitikia kwa kichwa. Wanawake wawili walimwendea kumsalimu. Wengine walipita kama hawakusikia.

Baadaye wakulima walikuja hata kutoka mbali kama Sindo kujifunza. Machuki aliwaonyesha madirisha, akawaeleza habari za joto. Walipomwuliza alijuaje hayo, alijibu kwamba ni upepo uliomfundisha, akageuka haraka kufunga kwenye kijiti mmea uliokuwa umeshafungwa.