Aketch Aitoa Divai Barafuni

Aketch ana pua. Si ya kujivuna tu, ingawa hiyo nayo anayo. Ni pua inayonusa glasi na kukwambia kama zabibu zilichumwa kabla ya wakati. Huko Kisumu aliuza vitabu vya shule. Hapa Gaithersburg, Marekani, anafanya kazi katika duka la divai, kozi ya divai ameisoma mpaka mwisho, na tangu apate cheti Wakenya wenzake hatupumui. Ukitia soda kwenye divai mbele yake, umejitakia.

Duka ni la Ajamu, Mmarekani Mweusi aliyejifunzia Kiswahili chuoni, na anakisema kwa usafi unaotutia aibu sisi tuliozaliwa nacho. Aketch alimganda mpaka akakubali kuagiza divai nyeupe kutoka bonde la Rhône, Ufaransa: nzito, ya rangi ya dhahabu, yenye harufu ya asali na njugu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuachiwa kuchagua. Wiki tatu zikapita, chupa zimekaa kimya rafuni.

"Dada Aketch, kizuri chajiuza," Ajamu akamwambia. "Jumamosi waonjeshe watu. Isipotoka, nitarudi kuchagua mwenyewe."

Maneno hayo yalimkata maini.

Jumamosi asubuhi akazika chupa kwenye ndoo ya barafu, akapanga biskuti na jibini. Watu wakaonja, wakatabasamu kwa adabu, wakaenda kununua bia. Hadi saa nane hakuwa ameuza hata moja. Alipoonja mwenyewe alisikia uchungu kidogo tu, basi. Hofu ikamshika, alijiona amerudi kwenye kaunta kufunga mifuko maisha yake yote.

Ndipo akaingia Mama Rosemary, muuguzi wa kwao Kisumu aliyetoka zamu, akisubiri binti yake aje kumchukua. Mkononi alikuwa na mkebe wa chakula ambacho hakupata nafasi ya kukila. Akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Nipatie hiyo waini. Lakini meno yangu hayataki baridi. Huna ya moto?"

Mkenya akitaka kinywaji cha moto haombi kichemshwe. Anataka kile ambacho hakijaonja friji. Aketch akatupa jicho kuona kama Ajamu amesikia.

"Mama, white hainywewi moto," akanong'ona. "Utaniaibisha mbele ya customers."

"Hata marehemu babako bia yake ilikuwa ya moto. Leta!"

Aketch akashuka stoo, kwenye ubaridi wa wastani, akaleta chupa huku amenuna. Mama Rosemary alikuwa ameshafungua mkebe: samaki wa moshi kwa mchuzi wa karanga, na ugali. Akala, akanywa, akajimiminia tena.

"Hebu onja," akasema, akimpa tonge.

Aketch akala, akashushia na divai. Asali ilikuwepo, njugu zilikuwepo, na moshi wa samaki ukapokelewa vizuri na divai. Barafu ndiyo iliyokuwa imeziba kila kitu. Na kumbe alijua! Swali hilo lilikuwa kwenye mtihani, na alilipata: divai nyeupe nzito haitaki baridi kali. Woga wa kuonekana mshamba ndio uliomsahaulisha.

Akazitoa chupa barafuni, akapandisha nyingine za stoo. Wateja akawapa vijiko vya samaki, mwenye mkebe akikubali shingo upande. Akawaambia wakaijaribu na kuku wa kuoka, na kamba wa tui, na saladi waisahau kabisa. Kabla ya kufunga duka, kreti moja tu ilibaki.

"Oda ijayo ni yako," Ajamu akasema. "Ujuzi huu umeupata kwenye kozi?"

Kusema ndiyo kungekuwa rahisi, wala kusingekuwa uongo mtupu.

"Hapana. Nimefunzwa na huyu mama, na mimi nilikuwa namwonea haya."

Mama Rosemary akaacha kutafuna. "Mimi? Mimi niliyekupokea airport?"

"Wewe, mama. Nisamehe."

Mama akamtazama, kisha akasukuma glasi yake tupu mbele.

"Jaza kwanza. Halafu nitafikiria."