Nilijua filta iko wapi nikanyamaza: safari ya Uriri hadi Homa Bay

Wakuu, hamjambo humu ndani. Mimi husoma tu, siandiki. Leo nimefungua diary yangu ya Form Two, na haya ni yale niliyoandika siku zile kwa mkono wangu. Siongezi chumvi.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, mwenye haya mpaka nikiitwa jina darasani natokwa jasho.

Mume wa dada yangu alikuwa karani wa pamba. Alinunua gari ya michezo kutoka kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Nyekundu, ya chini, viti viwili basi. Uriri nzima ilitoka kuiona.

Likizo hiyo nilisoma kitabu cha hiyo gari chote. Nyumbani hakukuwa na kitabu kingine cha Kiingereza. Hata michoro niliinakili kwa diary.

Asubuhi moja Mama akaamka ameshika tumbo upande wa kulia. Hawezi kunyooka. Shemeji akaleta gari ampeleke hospitali Homa Bay.

Mama akakataa kuingia.

Vijana wa siku hizi hamtaelewa. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawakai bega kwa bega. Hata chakula hawali wakitazamana.

"Nikae karibu na mkwe wangu hivyo? Afadhali nifie hapa."

Dada akaamua nikae katikati yao, juu ya breki ya mkono, niwe ukuta. Ndiyo Mama akakubali.

Tulipita Rongo vizuri. Mbele kidogo gari ikaanza kukohoa, ikavuta, ikakohoa tena, ikazima.

Shemeji akafungua boneti. Akatoa plagi, akapangusa. Akafungua kabureta, akapuliza. Gari inawaka, inaenda hatua chache, inazima.

Mama alishuka akakaa kwa nyasi, ameipa gari mgongo ili asitazamane na mkwe. Hakulia hata mara moja.

Wapita njia wakajaa. Mmoja mwenye baiskeli akasema, "Omera, ndugu yangu, hiyo imechoka. Ipe maji kama ng'ombe."

Mwingine akacheka. "Gari ya watu wawili imebeba watatu, na bado unauliza ugonjwa!"

Wakanitazama mimi. Nilitamani ardhi inimeze.

Wakuu, hapa ndipo penye aibu yangu. Gari hiyo pampu yake ya petroli ni ya umeme, na huwa inalia tik-tik-tik nyuma. Kabla gari haijazima niliisikia ikichelewa, tik… tik… Kitabu kilisema filta imo ndani ya hiyo pampu, chini ya gari, karibu na tairi ya nyuma ya kulia. Wanaume wote walikuwa wameinama mbele.

Nilijua. Mdomo ukakataa. Msichana afundishe wanaume gari, mbele ya mamake?

Jua likapanda mpaka utosini.

Mwishowe nikararua karatasi ya diary, nikaandika: "Filta iko nyuma, ndani ya pampu. Tairi ya kulia." Nikamwekea Shemeji mkononi, nikakimbilia kwa Mama.

Akalala chini ya gari na spana. Akafungua kifuniko, petroli ikamwagikia mkono, akatoa kichujio kidogo cha waya. Kilikuwa kimevaa nyuzi za pamba kama blanketi.

Shemeji petroli yake aliiweka kwa pipa, na kila akijaza gari aliichuja kwa leso kuukuu ya dada. Alijisifu sana kwamba hakuna petroli safi kama yake. Kumbe leso ndiyo ilikuwa inamwaga nyuzi.

Kwa mfuko wa spana Mzungu alikuwa ameacha filta mpya. Akaiweka, akakaza. Nusu saa haikufika. Gari ikanguruma.

Aliniuliza kitu kimoja tu: "Ulijua tangu saa ngapi?"

Nikapanda kukaa juu ya breki ya mkono.

Hospitali walisema kidole tumbo kimepasuka, na kwamba kilipasuka siku hiyo hiyo.

Jioni Mama akaniita karibu na kitanda. "Nyathina, mwanangu, nilikuona. Macho yako yalikuwa nyuma ya gari muda wote. Mbona hukusema?"

"Niliona haya, Mama."

Akafunga macho. "Hata mimi. Tumbo lilipasuka nikiwa kwa nyasi, nilisikia. Nikaona haya kumwambia mkwe."

Alifariki siku ya tatu.

Shemeji aliuza gari. Ile karatasi alinirudishia matangani, nikaibandika kwa diary. Bado inanuka petroli, ama ni mimi tu.

Funzo langu ni fupi. Filta ibadilisheni mapema, na petroli msichuje kwa kitambaa. Na kama una mtoto nyumbani ambaye haongei, muulize anachojua. Muulize mara mbili.

Aliyewahi kunyamaza kama mimi aandike hapa chini. Mimi nitasoma zote.