Kamba Kumi na Mbili za Kware

Mama yangu mpaka leo hajui kazi yangu ni gani. Kanisani kwetu Mowlem akiulizwa, husema, "Huyu wangu analipwa kuuliza watu maswali," na akina mama wenzake wananitazama kwa huruma, kama mtu aliyekosa karo njiani. Si uongo, lakini si hivyo tu. Kabla mafundi wa kompyuta hawajaunda programu, lazima mtu aende kwa wale watakaoitumia, awaulize wanataka nini, aandike, achambue, halafu awapelekee mafundi orodha inayoeleweka. Mtu huyo ni mimi. Na ukitaka kunipandisha hasira, niambie hiyo si kazi.

Wakati wa kisa hiki nilikuwa na mwezi mmoja kazini na maringo ya miaka kumi. Nilikuwa na daftari jipya na kalamu za rangi nne. Mtu akinisalimia "niaje" mtaani, namjibu "salama" kama mwalimu mkuu.

Bosi akanipa kazi ya kwanza ya kufanya peke yangu. Mteja alikuwa mzee mmoja wa Ukambani, dereva mstaafu, aliyejenga ploti ya orofa saba kule mtaani Kware, hapa Nairobi. Nyumba hamsini na sita, nyingi za chumba kimoja. Kware majumba yamebanana hivi kwamba ukipiga chafya, mtu wa ploti ya pili anakuambia pole. Jua haliingii kwa balkoni. Ukianika nguo huko zinakauka siku ya tatu, zikinuka uvundo. Jua lote liko juu ya paa, na juu ya paa kuna kamba kumi na mbili.

"Msichana, mimi nimechoka," mzee aliniambia. "Kila mara ni vita ya kamba. Niko kanisani, pasta anaomba, simu inalia: kuja haraka, wapangaji wako wanavutana blanketi! Nataka kitu ya simu. Mtu aambiwe saa yake, aanike, atoe, aende. Ikishindikana naweka kufuli, kila mtu akae na nguo zake mbichi ndani ya nyumba."

Nikaandika: vita vya kamba, mzee anasumbuliwa kanisani. Nikapiga mstari mwekundu chini ya neno vita. Ningeupiga chini ya neno kanisani ningejiokolea aibu nyingi, lakini nani wa kunieleza? Nilikuwa na kalamu nne.

Jumamosi asubuhi nikaanzia orofa ya chini na fomu zangu. Sasa, kwetu Eastlands fomu haiji bure. Ukiona mtu na fomu, nyuma yake kuna unga, au neti ya mbu, au blanketi. Mimi nimekulia huku, najua. Mama yangu mwenyewe aliwahi kuniandikisha mara mbili kwa neti, mara ya kwanza kama binti yake, mara ya pili kama mpangaji wake. Lakini siku hiyo nilisahau kabisa, kwa sababu safari hii fomu ilikuwa yangu.

"Mnaishi wangapi humu?" nikamuuliza kijana wa kiwanda cha biskuti. Chumba chake kilikuwa na kitanda kimoja, jiko la gesi na ndoo.

"Kumi na mmoja."

"Wako wapi?"

"Wengine wako ushago, kwa wazazi. Lakini ni wa hapa."

"Na huyu wa mwisho ana umri gani?"

"Hajazaliwa. Mwandike tu."

Nikamwandika. Nyumba ya pili walikuwa tisa, ya tatu kumi na wawili, na nilipomaliza orofa ya nne nilikuwa na watu wa kujaza uwanja wa mpira, wote wakifua nguo. Kuhusu kamba, hakuna aliyekuwa na neno.

"Kamba? Kamba hazina shida," akasema mama mmoja. "Shida ni panya. Andika panya."

Wa jirani akasema shida ni keateka, yule mtunza ploti, na redio yake. Wa tatu aliniangalia kwanza kuanzia viatu mpaka kichwa, akaniuliza kama nimeolewa. Nikamwambia bado. "Basi usiniulize mimi shida zangu," akasema, "na wewe unazo zako." Nilitamani kumrushia fomu. Nikaandika: panya, redio.

Jambo moja nililiona bila kuliona. Kwenye milango mingi iliyofungwa, ya watu walioenda kazini viwandani, Industrial Area, kulikuwa na mabeseni ya nguo kavu zilizokunjwa vizuri, soksi zimeunganishwa mbili mbili. Niliyaruka nikipanda ngazi. Nakumbuka nilikasirika kwamba yananizibia njia.

Juu ya paa nilimkuta mama wa makamo, shuka begani, vibanio vya nguo vinne vimemtoka mdomoni. Alikuwa anaanika haraka ajabu, huku ananiambia nisogee kwa sababu nilikuwa nimesimama kwenye jua la blauzi ya mtu.

"Nyumba namba ngapi, mama?" nikamuuliza.

Akatoa vibanio mdomoni. "Mimi sina nyumba hapa, mwanangu. Natoka Mukuru kwa Reuben. Mimi ni mama fua. Jumatatu mpaka Jumamosi niko kwa hii ploti."

Fomu yangu ilianza na namba ya nyumba. Bila namba ya nyumba huwezi kwenda swali la pili. Nikamwambia basi, mama, nilikuwa natafuta wapangaji tu.

"Unaandika ya nini?"

"Ya kupanga hizi kamba."

Akasimama. Nguo ilikuwa mkononi inadondosha maji kwa viatu vyake na hakuangalia. "Andika unavyotaka," akasema. "Lakini usinitoe hapa. Nina watoto watatu na hizi kamba ndizo zinazowapikia. Sina mahali pengine."

"Hakuna mtu anakutoa, mama," nikamjibu. Nilisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa. Halafu nikaandika kitu kimoja kifupi juu yake kwenye daftari, nikafunga, nikashuka.

Wiki mbili baadaye mafundi wakamaliza programu, na ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Kila nyumba ilipata saa yake kwa simu. Kwa kuwa watu walikuwa wengi hivyo kwenye fomu zangu, zamu zilianza saa kumi na moja alfajiri, na yule kijana wa biskuti alipewa kamba tatu nzima za kuanikia ndugu zake wa ushago. Kijana mwenyewe ana suruali mbili. Kwenye mlango wa paa akawekwa keateka na orodha. Uko kwenye orodha, unapita. Huko, hupiti.

Siku ya kuzindua, Jumamosi, mzee alikuja na koti. Mimi nilisimama mlangoni pale juu, karibu na keateka, nikitabasamu kama bibi harusi. Saa mbili mama fua akafika na beseni kichwani, nguo za nyumba tatu, amepanda ngazi zote hizo akihema.

"Mama, huko kwenye orodha," keateka akamwambia, akimwonyesha simu. "Mfumo umekukataa."

Aliweka beseni chini. Hakumwangalia keateka. Aliniangalia mimi. "Mwanangu, si uliniambia hakuna anayenitoa?"

Na mimi, kwa ulimi wangu huu huu, nikamjibu, "Ni kwa muda tu, mama. Utashughulikiwa awamu ya pili."

Awamu ya pili! Hakukuwa na awamu ya pili. Niliitoa kwa hewa, kwa sababu mzee alikuwa pale na koti lake na sikutaka uzinduzi wangu uharibike. Mama alijitwika beseni lake lililojaa nguo mbichi, akashuka orofa saba. Nilisikia miguu yake mpaka chini.

Saa sita mvua ikanyesha.

Haikunyunyiza, ilimwagika. Kamba zote kumi na mbili zilikuwa zimejaa. Programu ikafanya kazi yake sawasawa: ikatuma ujumbe kwa simu hamsini na sita, ondoa nguo zako. Lakini wenye nguo walikuwa viwandani, na viwandani simu inaachwa kwa askari getini, unaichukua ukitoka. Askari wa Industrial Area walikaa na lundo la simu zinazolia mvua, mvua, mvua. Keateka, masikini, akapanda mbio, akakumbatia nguo zote za ploti kwa mkupuo mmoja, akaziangusha kwa ngazi za orofa ya sita, lundo moja linalotiririka maji.

Walipotoka kazini, lo! Watu hamsini kwa ngazi moja nyembamba. Joho la kwaya limetiwa rangi na fulana nyekundu, na sasa ni la waridi. Mwanamume mmoja, shemasi, mtu mzima, alisimama mita mbili kutoka kwa chupi aliyoijua vizuri sana na hakuweza kuiokota mbele ya watu. Wawili walivutana shuka moja mpaka ikawa shuka mbili. Yule mama aliyeniuliza kama nimeolewa akanishika mkono, akanipa soksi moja. "Andika hii," akasema. "Andika inatafuta mwenzake."

Mzee akapiga kelele mpaka wakanyamaza. "Nyinyi! Mvua haijaanza leo. Siku zingine nani hutoa hizi nguo?"

"Mama fua!" Ngazi nzima ilijibu, kama darasa.

Ndipo yakatoka yote, bila fomu. Mama fua ndiye anayejua nguo ya nani ni ipi, nyumba zote hamsini na sita, ziwe nguo alizofua yeye au wamejifulia wenyewe. Wingu likitanda, yeye hutoa, hukunja, huweka kila beseni kwa mlango wake. Ndiye husema wewe leo kamba ya tano, wewe ngoja blanketi la mtoto likauke, na hakuna anayembishia. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Alipata kamba za kuanikia kazi zake, na wao wakapata paa lenye amani.

"Sasa vita ninavyopigiwa simu ni vya nini?" mzee akauliza.

"Hiyo ni Jumapili," akasema kijana wa biskuti. "Jumapili hayuko. Yuko kanisani."

Mzee akanigeukia. Mimi nilikuwa nimeshika soksi.

"Mbona hamkuniambia?" nikawauliza, na sauti yangu ilikuwa ya mtu anayetaka kulia.

"Si uliuliza kama kamba zina shida?" kijana akasema. "Hazikuwa na shida."

Jumatatu nilienda Reuben kumtafuta. Bosi alikuwa ameniambia kwa upole nirudi naye au nisirudi. Nilimkuta mlangoni kwake amekaa juu ya mtungi wa plastiki, mikono imekauka. Jambo hilo lilinichoma kuliko maneno ya bosi, kuiona ile mikono imekauka siku ya kazi. Zile nyumba tatu za Jumamosi alikuwa amezirudishia nguo mbichi, na mbili zilishapata mtu mwingine.

Nikaomba msamaha. Niliomba vibaya, kwa maneno mengi, nikataja tena mfumo, nikajiuma ulimi. Nikamwambia mzee anamwita, mlango wa paa uko wazi, programu tunaiunda upya na yeye akiwa ndani: yeye abonyeze kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe, wingu likitanda, wenye nguo wajue zimetolewa, na Jumapili pekee ndiyo iwekwe zamu. Nikamwambia nimekuja kuandika kila kitu anachokijua, hata tukikaa mpaka jioni.

Alisikiliza yote. Halafu akaonyesha daftari kwa kidevu. "Siku ile kule juu uliandika kitu juu yangu. Nilikuona. Soma."

"Mama, si muhimu..."

"Soma."

Nikafungua. Ilikuwa pale, kwa kalamu ya kijani, mwandiko mzuri sana. "Mwanamke juu ya paa," nikasoma. "Hana nyumba. Si mhusika."

Nilidhani atanifukuza. Ingekuwa mimi, kwa hasira zangu hizi, ningemmwagia mtu maji.

"Uliniuliza namba ya nyumba," akasema. "Jina hukuniuliza."

Ni kweli. Niliwauliza watu wa orofa saba majina ya ndugu zao wa ushago, nikaandika mpaka mtoto ambaye hajazaliwa, na yeye sikumuuliza. Hata nilipokuwa namtafuta mtaani asubuhi ile, nilikuwa nauliza mama fua wa ile ploti ya Kware.

Nikafungua ukurasa mpya na nikamuuliza. Akaniambia majina yote matatu, la kanisani, la kwao na la mumewe, polepole, akingoja nimalize kila moja. Niliyaandika juu kabisa ya ukurasa. Kisha akainuka, akasogeza mtungi, akaniambia nikae.